SELI ZILIZOPEWA JINA BAYA: Historia ya kinga ya mwili na kifafa cha mimba

SEHEMU YA 1

Niliahidi nikimaliza zamu za usiku nitaandika kuhusu kifafa cha mimba na kinga ya mwili, maana maswali yamejaa kwenye meseji. Nimemaliza jana asubuhi, nimelala mpaka saa tisa, sasa chai ipo mezani. Ni ndefu, nimeikata vipande sita. Mwenye haraka anaweza kuruka mpaka cha mwisho, ila mimi ningekushauri usiruke. Hii ni habari ya jinsi wataalamu wenyewe walivyokosea miaka mingi, na jinsi kosa lao lilivyosafiri mpaka likatoka mdomoni mwangu.

Nianze na langu.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, alfajiri moja, tulimpokea dada mwenye mimba ya kwanza, wiki ya 31. Kichwa kilikuwa kimemuuma siku mbili, nyumbani wakampa panadol. Alipofika kwetu alikuwa anaona maruerue. Presha 180 kwa 120, protini kwenye mkojo plasi tatu. Hatujamaliza hata kutafuta mshipa wa kuweka dripu, degedege likamkamata palepale mbele yetu. Tulimpa magnesiamu, akatulia, akazalishwa. Yeye alipona. Mtoto hakuvuka usiku wa pili.

Siku ya tatu aliniuliza, "Sista, kwa nini lakini?" Nilikuwa mchanga kazini na niliogopa kukaa kimya. Nikamjibu kama nilivyokariri chuoni: "Wakati mwingine mwili wa mama unamkataa mtoto." Mama mkwe wake alikuwa pembeni anakunja kanga na kufunga chupa ya uji. Hakusema neno.

Miezi minane baadaye nikakutana na shangazi wa yule dada sokoni. Tukasalimiana vizuri. Kumuulizia, akanyamaza kidogo, akasema amerudi kwao. Ukweni walisema hata nesi wa hospitali alithibitisha: mwili wa huyu mwanamke unakataa watoto wetu.

Niliacha nyanya zangu palepale kwenye meza ya muuzaji nikaondoka.

Sasa, ile sentensi sikuibuni mimi. Ina historia na ina mwenyewe. Nilianza kuifuatilia kwa sababu ya hasira, hasa hasira juu yangu mwenyewe, na nilichokikuta kimenishangaza mpaka leo. Tuendelee.

SEHEMU YA 2

Degedege la mjamzito wanadamu wamelijua tangu zamani mno, lakini kwa karne nyingi lilihesabiwa kuwa kifafa cha kawaida ambacho kwa bahati mbaya kimemkuta mwenye mimba. Jina letu la Kiswahili, kifafa cha mimba, bado limebeba wazo hilo. Si kifafa. Mwenye kifafa anaweza kuwa na ujauzito salama kabisa, na mwenye kifafa cha mimba anaweza kuwa hajawahi kuanguka maishani mwake. Ila jina limeshazoeleka, nami nitalitumia, pamoja na hatua yake ya awali, ile ya presha kupanda baada ya wiki ya 20 na protini kuonekana kwenye mkojo kabla degedege halijafika. Hospitalini tunaiita prieklampsia.

Mwaka 1843 daktari John Lever wa hospitali ya Guy's, London, alichukua mkojo wa wanawake waliopata degedege akaupasha moto. Ukaganda, kama ute wa yai unavyoganda kwenye kikaango. Ilikuwa protini. Akaona pia kitu cha pili ambacho kwangu ndicho kikubwa zaidi: baada ya kujifungua, ile protini ilikuwa inapotea. Kwa hiyo si figo mbovu za siku zote. Kuna kitu kwenye mimba yenyewe kinaichokoza figo, na kikitoka, figo inapumua.

Kitu gani? Hapo ndipo walipopotea. Wengine walisema ni sumu ya chakula, wengine bakteria, wengine ini, wengine mfuko wa uzazi kubana mishipa. Mjerumani mmoja, Paul Zweifel, alichoka mpaka akauita ugonjwa wa nadharia. Na wakati mabwana wakubwa wanabishana, akina mama walikuwa wanatolewa damu kwa mabakuli. Kule Urusi, daktari Stroganoff alijenga jina kwa utaratibu wake wa kumlaza mgonjwa kwenye chumba cha giza na kimya, na kumpa mofini na klorali. Msicheke. Wakunga wakongwe niliowakuta kazini walikuwa bado wanafunga mapazia na kuzima taa mgonjwa wa degedege akiingia. Hawakujua walilipata wapi, walirithishana tu. Hata magnesiamu yenyewe ilitumika miongo kadhaa kwa mazoea, mpaka jaribio kubwa la nchi 33, lenye wanawake zaidi ya 10,000, lilipotoa majibu mwaka 2002: dawa hiyo inapunguza uwezekano wa degedege kwa zaidi ya nusu. Ndiyo tuliyompa yule dada.

Lakini mtu ninayemheshimu zaidi katika zama hizo ni Georg Schmorl wa Leipzig. Kazi yake ilikuwa kupasua maiti. Mwaka 1893 alichapisha uchunguzi wa wanawake 17 waliokufa kwa kifafa cha mimba. Ndani ya mapafu yao, kwenye mishipa midogo kabisa ya damu, alikuta seli kubwa ambazo hazikuwa za mapafu. Zilikuwa za kondo la nyuma.

Fikiria kidogo. Seli za kondo, ambazo kwa asili ni za upande wa mtoto, zimekutwa kifuani mwa mama. Baadaye ilijulikana kwamba hata kwenye mimba yenye afya baadhi hupenya kwenye damu ya mama. Ila swali lilikuwa limeshawekwa mezani: hivi mama na mtoto wametenganishwa kweli kama tunavyodhani? Na jicho likageukia kondo. Sisi wa leba tunajua kwamba hapo hakukosea, kwa sababu mimba zabibu, ambayo mara nyingi haina hata mtoto ndani yake, nayo inaweza kumpandisha mama presha na kumletea degedege. Hakuna mtoto wa kukataliwa pale. Kuna kondo tu.

SEHEMU YA 3

Hapa sasa ndipo anaingia mwenye sentensi yangu. Anaitwa Peter Medawar.

Medawar alizaliwa Brazil mwaka 1915, akasoma Oxford. Vita vya pili vya dunia vilimkuta akiwa mtaalamu wa wanyama, akavutwa kwenye tatizo la watu walioungua. Kule Glasgow, yeye na daktari wa upasuaji Thomas Gibson walimtibu mwanamke aliyeungua vibaya kwa vipande vya ngozi, vyake mwenyewe na vya kaka yake. Vya kwake vilishika. Vya kaka vilishika kwa muda, kisha vikadhoofika vikadondoka. Walipoweka tena vya kaka kwa mara ya pili, vikadondoka haraka zaidi. Kwa hiyo mwili ulikuwa umejifunza na kukumbuka. Hiyo ni kazi ya kinga, jeshi lilelile linalopambana na vijidudu. Waliichapisha 1943.

Ukishajua hilo, swali linakuja lenyewe. Kama mwili unakataa ngozi ya ndugu wa tumbo moja, inakuwaje unabeba miezi tisa mtoto ambaye nusu ya vinasaba vyake ni vya baba, mtu asiye hata wa ukoo wake? Medawar aliliuliza rasmi mwaka 1953. Akatoa majibu matatu ya kukisia: labda mama na mtoto wametengwa na ukuta, labda mtoto ni mchanga mno, bado hana alama za kumtambulisha, labda kinga ya mama inalala wakati wa mimba.

Ni swali zuri sana, na mwaka 1960 alipata tuzo ya Nobel pamoja na Frank Macfarlane Burnet kwa kazi ya jinsi mwili unavyojifunza kuvumilia kigeni. Shida haikuwa yeye. Shida ilikuwa mfano wake. Alimchukulia mtoto kama kiungo kilichopandikizwa, na baada ya hapo kila mtu akafikiri kwa mfano huo. Figo iliyopandikizwa inaweza kukubaliwa au kukataliwa, hakuna la tatu. Basi mimba ikiharibika, jibu likawa tayari: imekataliwa. Vitabu vikaandika, walimu wakafundisha, na miaka mingi baadaye nami nikaambiwa darasani.

Na majibu yake matatu? Yote yaliyumba. Ukuta haupo kama alivyofikiri, Schmorl alikuwa ameshaonyesha. Mtoto ana alama. Na kinga ya mama hailali. Mwaka 1958 Rose Payne kule Marekani na Jon van Rood kule Leiden, Uholanzi, kila mmoja kwa njia yake, waligundua kwamba wanawake waliozaa mara kadhaa wana kwenye damu yao kingamwili dhidi ya seli nyeupe za watu wengine, kwa sababu wamezipata kutoka kwa watoto wao, yaani alama za mababa. Damu za akina mama hao ndizo zilizotumika baadaye kupima nani anaweza kumpa nani figo. Mama alikuwa macho muda wote. Alimwona mgeni, akamwandika kwenye daftari, na bado akamzaa akiwa na kilo tatu na nusu.

(Kuna wakati kingamwili za mama humdhuru mtoto kweli, mfano mama wa Rhesus hasi mwenye mtoto wa Rhesus chanya, ndiyo maana tunachoma ile sindano ya kuzuia, inayotumika tangu 1968. Huo ni ugonjwa mwingine kabisa. Msichanganye, tafadhali. Nusu ya meseji ninazopata zinachanganya haya mawili.)

SEHEMU YA 4

Nikiwa chuoni sikufundishwa sehemu hii, na ningetamani ningefundishwa.

Mimba ikijishika, utando wa ndani wa mfuko wa uzazi unanenepa, na ukiuangalia kwa darubini unakuta umejaa seli za duara zenye punje punje ndani. Wanapatholojia wa Ujerumani, Herwig Hamperl akiwa mmoja wao, waliziandika katika miaka ya 1950 na kuziita seli za punje. Walidhani ni sehemu ya utando wenyewe. Zikaachwa hapo.

Mwaka 1975, kwenye fani nyingine kabisa, Rolf Kiessling na wenzake wa taasisi ya Karolinska, Stockholm, walikuwa wanachunguza panya na saratani. Wakakuta seli nyeupe ambazo zinaua seli za uvimbe bila kufundishwa kwanza. Wakaziita seli za kuua kwa asili, kwa kifupi NK. Jina likashika.

Halafu miaka ya 1980, vipimo vipya vya kutambua seli kwa alama zake vilipopatikana, watafiti kama Judith Bulmer wa Uingereza walirudi kwenye zile seli za punje za mfuko wa uzazi. Kumbe si za utando. Ni seli nyeupe za kinga. Na ni ndugu wa NK! Tena si chache: katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba, karibu asilimia 70 ya seli nyeupe zilizo kwenye utando ule ni hizi.

Mnaona tatizo? Umetoka kufundishwa kwamba mtoto ni kipande cha mgeni. Sasa unaambiwa amezungukwa pande zote na seli zenye jina la "muuaji". Nani asingeamini kwamba hapo ndipo watoto wanapouawa?

Ila ukiziangalia kazini, haziui. Zikiwekwa na seli za kondo, karibu hazizigusi. Basi zinafanya nini? Ili nijibu, turudi nyuma kidogo kwenye mishipa.

Damu inafika kwenye kondo kupitia mishipa midogo iliyojisokota kama uzi wa chuma wa springi. Kabla ya mimba ni myembamba na ina misuli inayobana. Mwaka 1967 Ivo Brosens, Mbelgiji, pamoja na Robertson na Dixon, walionyesha kwamba katika mimba nzuri seli za kondo huingia kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, zinaivamia mishipa ile, zinaondoa misuli yake na kuipanua. Kutoka mrija wa kunywea soda unapata bomba la maji. Damu haiji kwa kasi ya kuchuruzika, inaingia taratibu kama maji ya jaruba. Na mwaka 1972 walionyesha upande wa pili: kwa mama wenye prieklampsia, upanuzi ule haukukamilika. Mishipa imebaki myembamba, na inabana.

Kwa hiyo kondo linaishi kwa shida tangu mwanzo, wiki nyingi kabla presha haijaonekana kwenye kadi ya kliniki. Likikua, mahitaji yanazidi mrija. Linaanza kumwaga kwenye damu ya mama vitu vya kulalamika. Kimojawapo kilitambuliwa na timu ya Ananth Karumanchi kule Boston mwaka 2003, protini iitwayo sFlt-1, inayozuia mishipa ya mama isipate chakula chake cha kuiweka na afya. Ndiyo maana ugonjwa ulioanzia kwenye mfuko wa uzazi unaonekana kwenye figo, kwenye ini, kwenye macho, kwenye ubongo. Lile kichwa la siku mbili ambalo panadol haikuliweza.

Sasa unganisha. Zile NK zimejazana mahali hasa ambapo mishipa inapanuliwa, na zinakuwa nyingi wakati hasa wa kuipanua. Anne Croy, mtafiti wa Canada, alichukua panya wasiokuwa na seli za NK. Kama kweli hizi ni wauaji, panya hao wangezaa vizuri kuliko wengine. Ikawa kinyume. Mishipa yao haikupanuka, kuta zikabaki nene. Walipopewa uboho wenye NK, mishipa ikajirekebisha. Mwaka 2000 timu yake ikaonyesha na kemikali moja inayotumwa na NK kufanya kazi hiyo, intaferoni gama.

Niliposoma hapo nilifunga simu nikakaa. Zile seli ni mafundi. Zinashirikiana na kondo kujenga bomba. Tukazipa jina la muuaji kwa sababu tulikutana kwanza na binamu zake.

SEHEMU YA 5

Waliouliza "sisi Waafrika tunaingiaje hapo", hii ni yenu.

Karibu kila seli ya mwili wako ina vitambulisho juu yake, vinaitwa HLA. Kama NIDA, vinatofautiana sana kati ya mtu na mtu. Seli za kondo zinazoingia kwenye ukuta wa mama zinaficha vitambulisho vingi, HLA-A na HLA-B hazionyeshi. Zinaonyesha vichache, na kimoja kati ya hivyo, HLA-C, kinabeba upande wa baba pia. NK za mama zina vipokezi vya kukisoma, vinaitwa KIR. Vipokezi vingine vikishika kitambulisho vinaiambia seli "fanya kazi", vingine vinaiambia "tulia".

Ashley Moffett wa Cambridge amefanya kazi miaka mingi juu ya mazungumzo haya. Mwaka 2004 timu yake, Susan Hiby akiongoza uandishi, ilionyesha kwamba prieklampsia inawapata zaidi mama wenye mpangilio wa KIR unaoitwa AA, ambao umepungukiwa na vipokezi vya "fanya kazi", hasa pale mtoto anapokuwa na aina ya HLA-C inayoitwa C2, ambayo inabonyeza kwa nguvu kile kipokezi cha "tulia".

Soma tena pole pole. Hatari haipo pale kinga ya mama inaposhambulia. Ipo pale inapotulizwa kupita kiasi. Mafundi wameambiwa wakae chini kabla bomba halijakwisha. Mimi nilimwambia yule dada mwili wake umemkataa mtoto. Kama kinga yake ilikuwa na sehemu katika yale, inaelekea ilikuwa karibu kinyume cha nilichosema.

Lakini utafiti ule ulifanywa kwa wanawake wa Uingereza. C2 ni ya kawaida zaidi kwa watu wa Afrika kusini ya Sahara kuliko Ulaya, na kifafa cha mimba kinaua zaidi kwetu. Sehemu kubwa ya vifo hivyo ni umbali, gari kukosekana, mashine ya presha kuharibika, hilo silifichi. Ila je, na kibiolojia?

Aliyelibeba swali hili ni Annettee Nakimuli, daktari bingwa wa uzazi wa Chuo Kikuu cha Makerere. Alikusanya sampuli Mulago, Kampala, kwenye wodi inayofanana na zetu, kwa wanawake wa Uganda wenye prieklampsia na wasio nayo, akishirikiana na kina Moffett. Majibu yalichapishwa 2015. Mpangilio wa AA na mtoto wa C2 ulileta hatari hata Kampala, sawa na Uingereza. Ila waliokingwa walikingwa kwa njia nyingine. Wanawake wa Uganda walikuwa na kipande cha jeni za KIR cha kundi B, ambacho wale wa Ulaya hawana, na hicho ndicho kilichoonekana kuwalinda. Wa Ulaya wanalindwa na kipande kingine, upande mwingine wa jeni hizo.

Kwa hiyo miili ya bibi zetu ilipata kinga yake kwa njia yake. Tusingelijua hilo kama kazi ingeishia Cambridge. Huwa nawaambia wanafunzi wanaokuja mafunzoni wodini: yule mama anayekubali kutoa mililita tano za damu kwa ajili ya utafiti, mshukuru kwa jina lake.

Na kina baba, msinikimbie. Ile C2 inaweza kuwa ya kwenu. Mwaka 1998 watafiti wa Norway, kwa kutumia daftari la vizazi la nchi nzima, walionyesha kwamba mwanaume ambaye mwanamke mmoja alipata prieklampsia kwa mimba yake, anapompa mimba mwanamke mwingine, hatari kwa huyo wa pili ni karibu mara mbili. Sisemi ni kosa lake, hakuna anayechagua vinasaba. Nasema tu kwamba ukweni wakitafuta wa kumrudisha kwao, hesabu ina watu wawili.

Ongeza kwamba NK si hadithi yote. Kuna seli nyingine za kutuliza vita, ambazo Shimon Sakaguchi wa Japani alizitambua 1995 na amepata Nobel pamoja na wenzake wawili 2025. Panya wakiondolewa hizo, ndipo mimba zinaposhambuliwa kweli. Na prieklampsia inawapata pia wenye presha ya zamani, kisukari, ugonjwa wa figo, mapacha, uzito mkubwa. Usiende kliniki kesho ukadai upimwe KIR. Hakuna dawa inayotolewa kwa jibu hilo.

SEHEMU YA 6

Ambayo inanileta kwenye biashara.

Ile picha ya mtoto kukataliwa haikubaki vitabuni. Mwaka 1985 daktari Mowbray na wenzake London walichapisha jaribio dogo la kuwachoma wanawake wanaoharibikiwa mimba mara kwa mara seli nyeupe za waume zao, ili mwili uzizoee. Matokeo yalionekana mazuri, ikasambaa dunia nzima. Wanawake walichomwa miaka kumi na zaidi. Mwaka 1999 Carole Ober na wenzake walitoa jaribio kubwa zaidi, lenye kikundi cha kulinganisha: haikusaidia, na waliochomwa seli hizo walionekana kupoteza zaidi. Mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani ikapiga marufuku kuitoa nje ya utafiti ulioidhinishwa.

Kisha likaja lile jina. Kliniki binafsi za nchi mbalimbali zikaanza kupima NK kwenye damu ya mkono na kuuza dawa za kuzishusha. Mwaka 2004 Moffett na wenzake wawili waliandika kwenye jarida la madaktari la Uingereza kupinga wazi: NK za mkononi si zile za mfuko wa uzazi, tabia ni tofauti, kipimo hakikuambii kitu. Mwaka jana dada mmoja alinionyesha risiti ya kipimo kama hicho. Aliuza cherehani. Aliniuliza kama seli zake "zinaua sana au kidogo". Nilimchorea mrija na bomba nyuma ya ile risiti.

Kinachosaidia ni rahisi kiasi kwamba watu hawakiamini. Kuanza kliniki mapema, kabla ya wiki ya 12. Kila hudhurio upimwe presha na mkojo, na usipopimwa uliza, ni haki yako. Aliyewahi kupata kifafa cha mimba, au mwenye hatari niliyotaja, amwambie mkunga mapema ili daktari aamue kuhusu aspirini ya kiwango kidogo: jaribio la 2017 lilionyesha kwamba ikianzishwa kati ya wiki ya 11 na 14 kwa walio hatarini, ilipunguza prieklampsia ya kabla ya wiki ya 37 kwa zaidi ya nusu. Usijianzishie mwenyewe. Na kalsiamu pale chakula chake kinapokuwa haba. Kichwa kisichosikia dawa, maruerue, maumivu ya chembe ya moyo, kuvimba uso ghafla: siku hiyohiyo, hata usiku, njoo. Usisubiri tarehe ya kadi.

Yule dada wa mwaka wangu wa kwanza sijamwona tena. Wiki iliyopita nilitafuta namba ya shangazi yake kwa watu watatu mpaka nikaipata. Nilimpigia, nikajitambulisha, nikamweleza kwamba nilichosema siku ile hakikuwa kweli, na kwamba niko tayari kwenda mwenyewe kuwaeleza hata hao wakwe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema mtoto wake anaishi mkoa mwingine sasa, ni mjamzito, miezi miwili, na ameficha kwa sababu anaogopa.

Nikamuuliza ameshaanza kliniki? Akasema bado.

Nimemtumia shangazi namba yangu ampe. Simu sijaizima, hata nikiwa nimelala. Leo naingia zamu saa mbili usiku, maswali yenu nitayajibu kesho mchana.